Weka Lengo Kabla Gunia Halijashonwa

Mwaka wa mkulima wa bonde la Kilombero hauanzi Januari. Januari humkuta shambani, maji yamefika kwenye vifundo vya miguu, mbegu imekwisha kumwagwa au miche inang'olewa kitaluni, na fedha za mavuno yaliyopita zimebaki hadithi. Mwaka wake huanza mpunga unapoiva: Mei kwa waliowahi, Juni na Julai kwa wengi. Hapo mji wa Ifakara hubadilika sura. Malori huingia kutoka Dar es Salaam, mashine za kukoboa hunguruma hadi usiku, maduka ya bati na ya pikipiki hujaa wateja, na kadi za michango ya harusi humiminika. Kwa familia nyingi hizi ndizo wiki pekee ambazo fedha ya maana hupita mkononi kwa mkupuo, na kinachoamuliwa katika wiki hizo ndicho kinacholiwa Februari.

Basi ukiniuliza ni wakati gani wa kuweka malengo, sitakutajia mkesha wa mwaka mpya. Yaweke mpunga ukiwa bado umesimama, siku zile za kuamia ndege, unaposhinda kwenye dungu tangu alfajiri na kazi yako kubwa ni kupiga kelele na kurusha kombeo. Una nafasi ya kufikiri, unaona mavuno kwa macho yako, na hakuna mnunuzi aliyekwisha kukuonyesha noti. Gunia likishashonwa na mizani ikishasimikwa uani, kila mtu anakuwa na mpango na fedha zako isipokuwa wewe.

Lengo lisemeke kwa hesabu

"Mwaka huu nataka kujenga." Maneno haya husikika kila msimu kuanzia Mang'ula hadi Mlimba, na wanaoyasema hawadanganyi, wanataka kweli. Lakini hayamwambii mtu afanye nini kesho asubuhi. Yajaribu kwa maswali matatu: kiasi gani, lini, na kwa fedha ipi? Yakishindwa kujibu hata moja, hiyo bado ni hamu tu.

Sasa tazama ukurasa wa daftari wa mtu aliyejibu yote matatu:

*Chumba na sebule, Katindiuka. Tofali za kuchoma 4,000: kufyatua Julai, kuchoma Agosti. Bati 20 za geji 30: kununua Julai hiyohiyo, wiki ya kuuza, kwa gunia 6. Mbao na fundi: Septemba, gunia 3. Paa liwe juu kabla ya Novemba 15. Milango na madirisha: mwaka kesho.*

Ukurasa huo unajua mambo mengi. Unajua kwamba tofali za udongo hufyatuliwa kiangazi, kwa sababu vuli ikikuta tanuri halijachomwa, kazi ya mwezi mzima inarudi kuwa tope. Unajua kwamba bati linunuliwe wiki ileile fedha inapoingia, kwani bati haliwezi kuombwa mkopo na shemeji. Na mstari wa mwisho ndio ninaoupenda kuliko yote, maana mwenye daftari ameamua pia asichokifanya mwaka huu. Nyumba nyingi zilizosimama na kuta bila paa ni za watu waliotaka kuanza vyumba vinne kwa fedha ya viwili.

Kwamba namba husaidia kuliko hamasa si maneno ya wahubiri wa mafanikio tu. Wanasaikolojia Edwin Locke na Gary Latham wametumia miongo mingi kulichunguza jambo hili, na kimojawapo cha vitabu vyao vya pamoja kilitoka mwaka 1990. Utafiti mmoja wa Latham na mwenzake, uliochapishwa mwaka 1975, uliwahusu madereva wa malori ya magogo katika jimbo la Oklahoma, Marekani. Walipokuwa wakiambiwa tu wajitahidi, walipakia kama asilimia 60 ya uzito ambao sheria iliwaruhusu. Kisha wakapewa namba: asilimia 94. Katika miezi michache walivuka asilimia 90, malori yakiwa yaleyale. Mtu anayeishi Kidatu, ambako matrela ya miwa hupita mchana na usiku kuelekea kiwandani, anaweza kupata picha ya hasara ya lori linalosafiri likiwa na nafasi tupu kila safari. "Jitahidi" ni neno zuri la kumwambia mgonjwa. Kwa kazi, taja namba.

Gunia ngapi ni zako kweli?

Hapa ndipo malengo mengi ya bondeni huvunjika, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Tuseme umelima ekari 3 za kutegemea mvua na unatarajia gunia 10 kwa kila ekari. Jumla 30. Ukiwa kijiweni utasema "nina gunia thelathini," na moyo wako utapanga kwa thelathini. Lakini kaa na mwenzi wako, mkate moja baada ya nyingine. Chakula cha nyumba hadi mavuno yajayo: tuseme 7, nanyi mnajua idadi ya vinywa vyenu kuliko mimi. Mbegu: 1. Deni la palizi na la dukani: 4. Kisha gharama za msimu ujao, yaani trekta la kulima na kupiga haro, dawa ya magugu, mbolea, vibarua wa kuvuna: 9. Zimebaki 9.

Tisa, si thelathini. Hizo 9 ndizo zinazobeba lengo lako, na ndiyo maana nyumba ya daftari lile imepangwa kwa gunia 6 na 3. Weka hesabu zako mwenyewe na bei ya kijijini kwako, ila usiruke hatua yoyote. Anayeiruka ile ya gharama za msimu ujao ndiye utakayemkuta Januari akikopa kwa ahadi ya kulipa mpunga Juni. Mkopo wa namna hiyo huwa mchungu, kwa sababu mkopeshaji, akijua una njaa, huhesabu gunia lako kwa bei ya kutupa na kulichukua wakati wa shibe. Ukiwa tayari umo ndani ya deni la aina hiyo, lengo lako la kwanza mwaka huu liwe kutoka. Bati litasubiri. Andika: "Juni hii nalipa gunia nne kwa mwenye deni, na Januari sikopi," kisha tenga zile gunia 9 za shamba kabla ya kitu kingine chochote.

Michango ya harusi na sherehe nayo uiandike. Baada ya mavuno ndipo ndoa hufungwa na wasichana huchezwa, na hakuna haja ya kujifanya hutachangia. Utachangia, na ni haki ya ndugu zako. Tenga kiasi, tuseme gunia moja ulipunguze kwenye zile 9 za lengo, na kikiisha kimeisha. Mjomba atakuelewa ukimwambia mapema. Hatakuelewa ukimkwepa siku ya kikao.

Hesabu hii ina faida nyingine ambayo wengi hawaitarajii: inakuonyesha gunia lipi liuzwe lini. Bei ya Julai, kila mtu akiuza, kwa kawaida huwa chini kuliko ya Desemba au Januari. Zile za bati na za deni ziuze sasa. Zile za trekta na mbolea zinaweza kukaa ghalani hadi Novemba, kama mpunga umekauka vizuri na una mahali pasipovuja. Na unapouza, dai mizani. Lumbesa, lile gunia lililojazwa kupita kipimo, hula lengo la mtu taratibu, kilo baada ya kilo, naye akidhani ameuza gunia tisa.

Pima kila miezi minne

Wakazi wa zamani wa vijiji vya Kilombero na Ulanga watakumbuka neti za chapa ya Zuia Mbu. Ifakara imekuwa mahali pa utafiti tangu 1957, Mswisi Rudolf Geigy alipoanzisha hapa maabara ndogo ambayo baada ya miaka mingi imekuwa Taasisi ya Afya Ifakara. Katika miaka ya 1990 lengo la watafiti na viongozi wa wilaya hizi mbili halikuwa "kupambana na malaria" kwa maneno ya jumla. Walitaka kujua jambo linaloweza kuhesabika: neti zenye dawa zikiuzwa kwa bei nafuu madukani na kwa mawakala wa vijijini, watoto wangapi watalala ndani yake, na wangapi zaidi wataishi?

Ili kupata jibu, wadadisi walipita kaya kwa kaya kila baada ya miezi minne, wakiandika nani amezaliwa, nani amehama, nani amefariki. Mauzo yalianza 1997. Miaka mitatu baadaye watoto wachanga waliolala kwenye neti zenye dawa walikuwa wametoka chini ya asilimia 10 na kuvuka asilimia 50, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kwamba neti hizo ziliongeza uhai wa watoto wa kati ya mwezi mmoja na miaka minne kwa asilimia 27. Kazi hii ilifanyika hapahapa, kwa madaftari, na ikasaidia kuijengea hoja sera ya neti nchini na nje ya nchi.

Nakushauri uazime utaratibu wao. Kila baada ya miezi minne, mbishie hodi lengo lako mwenyewe. Julai, unapouza: je, fedha zimekwenda zilikoandikiwa? Novemba, kabla ya kuhamia shambani: paa liko juu? Fedha ya trekta ipo? Machi, maji yakiwa yamejaa na hakuna la kufanya zaidi ya palizi: mpunga unaonyesha gunia ngapi, na chakula kitafika Mei? Jibu kwa maandishi, mistari mitatu inatosha. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na lengo nalo ni mali.

Ikitokea hivi, nitafanya vile

Bonde hili lina mambo yake. Masika ya 2024 mafuriko yaliingia Ifakara na Malinyi, na familia zilizokuwa na mipango safi kabisa zikajikuta zinatafuta pa kulala. Mto Lumemo haumwulizi mtu ameandika nini kwenye daftari. Kwa hiyo lengo likae na mpango wa pembeni, nao uandikwe mapema, kichwa kikiwa kimetulia.

Mwanasaikolojia wa Kijerumani Peter Gollwitzer alionyesha mwaka 1999 kwamba mtu anayejiwekea tamko la "ikitokea hivi, nitafanya vile" hutimiza azma yake mara nyingi zaidi kuliko anayeishia kusema "nitafanya". Kwetu matamko hayo yanaweza kuwa: Mavuno yakishuka chini ya gunia 20, nyumba inasimama na chakula kinakwenda mbele. Ukitokea msiba mkubwa, natumia gunia mbili za mbao, siyo za mbegu. Jirani akiuza kiwanja kwa bei ya kutupa, sinunui mpaka tumekaa wawili nyumbani na kulala usiku mmoja.

Pia mazingira hubadilika kwa heri. Kabla ya daraja, aliyetaka kuvuka Mto Kilombero kwenda Ulanga na Malinyi alipanda kivuko, na Januari 2016 dhoruba ilikizamisha kivuko hicho na watu wakapoteza maisha. Daraja la Magufuli, lenye urefu wa mita 384, liliifuta foleni ya mtoni. Aliyekuwa na lengo la kupanua banda la chai kwa ajili ya abiria wanaosubiri alilazimika kulitazama upya lengo lake, na aliyekuwa akiogopa kununua mazao Mahenge, ng'ambo ya mto, alipata njia. Kubadili lengo kwa sababu daraja limejengwa ni busara. Kulibadili kwa sababu rafiki yako amenunua pikipiki nyekundu ni jambo jingine.

Na kabla sijaondoka hapa, neno juu ya malengo yenye namba kubwa zilizopangwa mbali na shamba. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mradi wa karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea, ukilenga zaidi ya ekari milioni 3. Namba zilikuwepo, tarehe zilikuwepo, mashine zilikuwepo. Hawakuipima vya kutosha mvua ya Kongwa wala udongo wake, ambao kiangazi hukauka ukawa mgumu kama saruji. Mwaka 1951 mradi ulifutwa baada ya kula pauni milioni 36 hivi. Locke na Latham nao wanasisitiza kwamba lengo gumu huzaa matunda pale tu mhusika anapokuwa na uwezo wa kulifikia. Ukisikia semina inayokuambia ulenge gunia 40 kwa ekari, uliza kwanza: kwa mbegu ipi, maji yapi, mbolea kiasi gani? Kituo cha utafiti wa mpunga cha taasisi ya utafiti wa kilimo, TARI, kipo Ifakara, kile ambacho wengi bado tunakiita KATRIN. Wakulima wa skimu za Mkula, Njage na Msolwa Ujamaa wana uzoefu wa maji ya mfereji. Wafuate, uwaulize wanapata ngapi, kisha andika namba yako.

Kwa kijana ambaye hana shamba

Bodaboda hapokei kwa msimu, anapokea kila siku, na ugumu wake ni kinyume cha ule wa mkulima: fedha yake ni ndogondogo na huyeyuka bila kuonekana. Kama uko kwenye mkataba, lengo lako linajulikana tayari, yaani kumaliza hesabu ya tajiri hadi pikipiki iwe yako. Andika tarehe ya mwisho ya mkataba kwenye tanki ukiweza. Kisha weka lengo la pili dogo, la kila siku, liwe la matengenezo, kwa sababu injini ikifa mwezi wa kumi mkataba nao unakufa.

Mwanafunzi, nawe nisikilize. Hapa Ifakara tumezungukwa na makoti meupe: Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, chuo kikuu kishiriki cha udaktari, chuo cha uuguzi cha Edgar Maranta. Ndiyo maana kila darasa lina watoto kumi wanaosema "nataka kuwa nesi." Swali ni kama wanajua mlango wa kuingilia. Stashahada ya uuguzi hudai ufaulu wa kidato cha nne katika Kemia, Baiolojia na Fizikia. Msichana anayeiacha Fizikia kwa sababu mwalimu ni mkali, au kwa sababu shoga yake ameiacha, anakuwa ameufunga mlango huo, na hakuna aliyemwambia. Atakuja kugundua akiwa na cheti mkononi. Mzazi, hili ni lako pia. Kabla mwanao hajachagua masomo, nenda naye mkasome mwongozo wa udahili wa baraza la elimu ya ufundi, NACTVET, wa mwaka husika, au mkamwulize mwalimu wa taaluma. Kisha muandike pamoja: kozi gani, masomo gani, alama gani, na nani atamfundisha Fizikia likizo ya Juni. Elimu ya sekondari ya umma haina ada siku hizi, lakini kutojua bado kuna gharama kubwa.

Nani ajue

Mwenzi wako ajue, kwanza kabisa. Lengo la mume ambalo mke analisikia kwa mwenye duka la bati si lengo la nyumba. Mkae wawili, msomeane, na mke awe na haki ya kukata mstari kama mume anavyokata. Mara nyingi yeye ndiye aliyepanda, aliyepalilia na atakayepika.

Baada ya hapo, wachache. Kikundi chako cha kuweka na kukopa ni mahali pazuri kuliko kijiwe, maana pale watu wanakuuliza kwa utaratibu, na sanduku lina makufuli matatu na washika funguo watatu. Hapo nina pendekezo moja ambalo ningeomba vikundi vya bondeni vilijadili kwa uzito: mgao wa mwaka uwe Novemba, siyo Julai. Julai kila mwanachama ana fedha ya mpunga, na mgao ukiingia juu yake hupotelea kwenye nguo na sherehe. Novemba hana kitu, trekta linadai, mbolea inadai, na mkopeshaji wa mpunga ameanza kupita majumbani. Mgao ukimkuta siku hizo unamwokoa. Kinachohitajika ni kikao kimoja na kubadili tarehe moja kwenye katiba ya kikundi.

Mwanakikundi, peleka hoja hiyo kwenye mkutano wenu ujao. Na mkulima ambaye mpunga wako umeanza kuinamisha masuke, panda dunguni kesho na daftari na kalamu, uanze na mstari wa chakula.